Mihadhara ya wazi ya Chuo Kikuu cha West Indies: ni nani aliyekuwa ameketi mbele ya msemaji?

#1 Mwanabaraza (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia kwa njia ya intaneti mihadhara ya wazi na semina za Chuo Kikuu cha West Indies, chuo kinachoendeshwa kwa pamoja na nchi na visiwa zaidi ya 15 vya Karibiani vilivyotawaliwa na Waingereza. Nimeona niyalete hapa niliyoyapata, kwa sababu historia ya mihadhara hiyo inapitia Dar es Salaam na sisi tunaijua nusu yake tu. Walter Rodney wa Mlimani, yule mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunamfahamu. Hata ambao hawajasoma kitabu chake wanalijua jina. Rodney wa Mona, yaani ndaki ya West Indies iliyoko Jamaika, aliyefungiwa mlango wa nchi hiyo baada ya miezi michache ya kufundisha, hatumjui sana. Hoja yangu ni kwamba hatuwezi kuuelewa mhadhara wa wazi wa kule bila kuuliza kila mara ni nani aliyekuwa ameketi mbele ya msemaji, na kama alikuwa na ruhusa ya kumkatiza.

Mona ipo pembezoni mwa jiji la Kingston, chini ya milima, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya miwa ya Mona na Papine. Mfereji wa mawe uliokuwa ukipeleka maji kwenye mashamba hayo bado unaonekana katikati ya viwanja vya chuo. Hata kanisa la chuo lilijengwa kwa mawe ya jengo la shamba la miwa katika wilaya ya Trelawny, yaliyobomolewa na kusafirishwa hadi Kingston, na mwaka 1799 uliochongwa juu ya ukuta bado unasomeka. Kwa hiyo msomi anayesimama pale kuzungumzia utumwa hahitaji kuonyesha picha. Anahitaji tu kuelekeza kidole dirishani.

Chuo kilianza mwaka 1948 kikiwa na wanafunzi 33, wote wa udaktari, katika mabanda ya mbao yaliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wakimbizi kutoka Gibraltar. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kwa mpango uleule ambao Makerere iliingizwa mwaka uliofuata. Mitihani, mitaala na majoho vilifuata desturi ya Uingereza. Tangu mwanzo, hata hivyo, kilikuwa na idara moja ambayo kazi yake ilikuwa nje ya geti, yaani idara ya masomo ya watu wazima iliyoongozwa na Philip Sherlock, Mjamaika, ambayo iliweka mhadhiri mkaazi katika visiwa visivyokuwa na ndaki yoyote. Mhadhiri huyo alikuwa mtu wa kutafuta ukumbi wa shule au wa kanisa, kubandika tangazo, kupanga viti na kumkaribisha msemaji. Idara hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha jarida la Caribbean Quarterly mwaka 1949. Mhadhara wa wazi, kwa hiyo, ulizaliwa pamoja na chuo chenyewe. Haukuwa pambo lililoongezwa baadaye.

Mwaka 1960 mwendo ukageuka, na mara hii ni watu wa nje waliobisha hodi. Marasta wa Kingston, ambao polisi waliwaona wahalifu na wenye nafasi waliwaona wendawazimu, waliomba chuo kifanye uchunguzi wa haki juu ya imani na maisha yao. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Arthur Lewis wa St Lucia, mchumi ambaye mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel. Aliwatuma M. G. Smith, Roy Augier na Rex Nettleford, wakakaa mitaani kwa muda wa wiki mbili hivi na kuandika ripoti ambayo, pamoja na mengine, ilipendekeza upelekwe ujumbe Afrika kutazama uwezekano wa watu kurejea. Ujumbe huo uliondoka mwaka 1961. Sijui vyuo vingapi vya wakati ule vilikubali kupewa kazi na watu waliodharauliwa kiasi hicho.

Halafu akaja Rodney. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, akasoma historia palepale Mona na kuhitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1963, akapata udaktari wa falsafa London mwaka 1966, akafundisha Dar es Salaam, kisha Januari 1968 akarudi Mona kufundisha historia ya Afrika. Hakuridhika na wanafunzi wake waliojiandikisha. Alifungua mihadhara yake kwa yeyote aliyetaka kusikiliza, na zaidi ya hapo akatoka kwenda vitongoji vya maskini wa Kingston, akaketi na Marasta na vijana wasio na kazi na kuzungumza nao juu ya dola za Afrika zilizokuwapo kabla ya ukoloni. Wao waliita kikao cha namna hiyo "grounding", maana yake kuketi chini pamoja na kufikiri kwa sauti, bila mkubwa na mdogo. Mihadhara na mazungumzo hayo yalichapwa London mwaka 1969 kwa jina The Groundings with My Brothers.

Serikali ya Hugh Shearer, waziri mkuu wa Jamaika, haikusubiri kitabu. Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal kwenye kongamano la waandishi weusi lililofanyika Chuo Kikuu cha McGill. Aliporejea tarehe 15 alizuiwa kushuka kwenye ndege na kurudishwa Kanada. Kesho yake wanafunzi wa Mona waliandamana kuelekea mjini wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, wakakutana na mabomu ya machozi. Watu wa mitaani wakajiunga, mabasi na maduka yakachomwa moto, na kukawa na vifo. Majeshi yakakizingira chuo.

Naomba maoni yenu. Je, kilichoogopwa ni maneno ya mhadhara au ni mkeka ambao juu yake maneno hayo yalizungumzwa?

#2 Kijiwe cha Posta

Ndugu mleta uzi, nimeusoma mchango wako kwa makini na nakushukuru, lakini nina shaka na uzito unaoupa mhadhara. Walioandamana kwa majoho walikuwa sehemu ndogo ya vijana wa Jamaika waliobahatika kufika chuoni, na wengi wao walikuwa wakitetea haki ya chuo kumwajiri wanayemtaka. Waliochoma mabasi walikuwa na hasira ya nauli, ya kodi za nyumba na ya kukosa kazi. Makundi hayo mawili yalikutana barabarani siku moja. Sioni ushahidi kwamba yaliwahi kuketi kwenye mkeka mmoja kabla ya hapo, isipokuwa kupitia mtu mmoja ambaye siku hiyo hakuwapo nchini.

Pili, umesema msikilizaji awe na ruhusa ya kumkatiza msemaji. Hilo ni jambo jema kwenye kijiwe cha kahawa. Katika mhadhara wa saa moja wenye hoja iliyojengwa hatua kwa hatua, anayekatiza mara nyingi ni yule ambaye hakusikiliza. Mimi nimehudhuria makongamano ambayo kipaza sauti kilipofunguliwa kwa wachangiaji, watatu wa kwanza walitoa mihadhara yao wenyewe na hakuna aliyeuliza swali.

#3 Bandarini

Mleta uzi, umeanzia katikati ya safari. Mimi ninaishi Toronto, mji ambao una Watrinidad wengi, na nimewahi kufika Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad. Ukitaka kuuona mhadhara wa wazi wa Karibiani ukiwa umesimama wima, usianze Mona mwaka 1968. Anza katika bustani ya Woodford, mbele ya jengo jekundu la serikali, mwaka 1955.

Eric Williams alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari ya Oxford, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington na kuandika mwaka 1944 kitabu kilichodai kwamba faida ya utumwa iliusaidia ubepari wa Uingereza kukua, na kwamba utumwa ulikomeshwa pale faida hiyo ilipopungua. Baadaye aliajiriwa na Tume ya Karibiani iliyoundwa na madola yenye makoloni huko. Akiwa bado mwajiriwa, alitoa mihadhara katika maktaba ya umma ya Port of Spain, inayotazamana na bustani hiyo. Novemba 1954 alibishana pale na mtawa wa Kibenediktini, Dom Basil Matthews, na mada ilikuwa Aristotle. Naomba msome tena: Aristotle! Watu walijaa hadi nje. Wengi hawakuwa wamemsoma Mgiriki huyo, ila walikuwa hawajawahi kumwona mtu mweusi wa kisiwa chao akibishana hadharani, kwa vitabu, juu ya nani ana haki ya kuelimishwa na nani alizaliwa kutumikishwa.

Juni 1955 Tume ilikataa kuendelea naye. Tarehe 21 ya mwezi huo alivuka barabara, akasimama bustanini na kuueleza umati, kwa saa kadhaa na kwa nyaraka mkononi, mgogoro wake na waajiri wake. Mihadhara ikaendelea hapo, na watu wenyewe wakapaita Chuo Kikuu cha Woodford Square. Januari 1956 chama chake kilizaliwa, Septemba kikashinda uchaguzi, na yeye akatawala mpaka alipofariki mwaka 1981. Ndugu wa Kijiwe cha Posta anasema hakuna ushahidi wa mhadhara kubadilisha kitu. Hapa kuna mhadhara uliogeuka serikali katika miezi kumi na mitano.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, ambayo wenyeji huisimulia kwa sauti ya chini kidogo. Mwaka 1960 C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad aliyekuwa mhariri wa gazeti la chama hichohicho kabla ya kutofautiana na Williams, alitoa mfululizo wa mihadhara sita katika maktaba ileile, juu ya siasa tangu Wagiriki wa kale mpaka zama zake. Mihadhara ikachapwa kuwa kitabu, na serikali ya Williams ikakizuia kitabu kisitoke ghalani. Mtu aliyepanda kwa ngazi ya mhadhara akaivuta ngazi juu. Mwaka 1970, vijana wa vuguvugu la Black Power, wengi wao kutoka St Augustine, ndaki ya West Indies iliyoko Trinidad, walipoiteka bustani ileile kwa mikutano yao, hawakuiita chuo kikuu tena; waliiita Bunge la Wananchi.

#4 Pwani ya Juu

Assalamu alaikum. Mimi ni mtu wa Lamu na si msomi wa mambo ya Karibiani, ila kuna jambo katika lugha ambalo nadhani linasaidia.

Mnatumia neno "mhadhara" kana kwamba ni mali ya chuo kikuu. Mwulize mtu wa Kariakoo au wa Tanga mhadhara ni nini. Atakuambia ni ule mkutano wa uwanjani ambapo wahubiri wa dini mbili wanashindana kwa aya, vitabu vimepangwa mezani, msomaji anasoma na msemaji anafafanua, na watu wanaacha biashara zao wasimame mpaka magharibi. Mwenye swali anapewa nafasi, na asiporidhika na jibu anasema wazi kwamba hakuridhika. Sisemi kila lililosemwa kwenye viwanja hivyo lilikuwa la busara. Nasema kwamba ile picha ya Woodford, ya umati unaokwenda kusikiliza ubishani wa vitabu kwa saa nyingi, si ngeni kwetu hata kidogo.

Huku pwani pia tuna darsa. Mwalimu anaketi chini, wanafunzi wanamzunguka, kitabu kinasomwa sentensi kwa sentensi, na mvuvi aliyetoka baharini anaweza kuingia, akasikiliza robo saa na kuondoka bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipoliona neno lile la Marasta katika mchango wa kwanza sikuhitaji tafsiri. Swali langu ni la lugha: hao wasomi wa Mona walipokwenda vitongojini walisema Kiingereza cha chuo au walisema lugha ya watu?

#5 Mwanabaraza

Waalaikumu salaam. Swali la ndugu yetu wa Lamu ndilo gumu kuliko yote, nitalijibu kwanza.

Jamaika ina Kiingereza cha ofisini na ina lugha ya watu, wanayoiita patwa, ambayo ina sarufi yake na maneno mengi yenye asili ya Afrika Magharibi. Kwa muda mrefu chuo kiliichukulia kama Kiingereza kilichoharibika. Walioibadilisha hali hiyo walitoka pande mbili. Upande mmoja ni wasanii, hasa Louise Bennett, mshairi aliyeandika kwa patwa tangu miaka ya 1940 na ambaye pia alifundisha ngano na sanaa za jadi kupitia ileile idara ya masomo ya watu wazima. Upande wa pili ni wanaisimu wa Mona, ambao mwaka 2002 walianzisha kitengo cha lugha ya Kijamaika, pamoja na Profesa Carolyn Cooper wa fasihi, aliyeandika makala za gazetini kwa patwa na kuupeleka muziki wa rege katika kumbi za chuo kama somo la kuchambuliwa. Magazeti yalipokea barua za hasira. Kwa Mswahili ni kichekesho: sisi lugha ya watu tunayo, ina kamusi na vitabu na bunge, na bado mhadhara wa chuo kikuu tunautoa kwa Kiingereza.

Kuhusu Rodney, maandishi yake yanaonyesha kwamba alikiri alikwenda kwa Marasta kujifunza pia, na jina la kitabu chake amelitoa kwao. Hilo ni zaidi ya adabu. Mtu anapokubali kuitumia istilahi ya msikilizaji wake, amekubali pia kusahihishwa naye.

Ndugu wa Kijiwe cha Posta, nakubaliana nawe kuhusu wachangiaji wanaotoa mihadhara yao wenyewe. Ugonjwa huo haujui bara. Nakubali pia kwamba mhadhara haukuleta njaa ya Kingston. Lakini tazama ni kipi serikali ilichagua kukizuia. Nauli ilibaki ilivyo, na mhadhiri ndiye aliyerudishwa na ndege. Na Ndugu Bandarini, nakiri nilianzia katikati. Habari ya kitabu kilichofungiwa ghalani inaitia hoja yangu nguvu na pia inaijeruhi, kwa maana inaonyesha kwamba mwenye kipaza sauti anaweza kuupenda umati mpaka siku umati utakapompenda msemaji mwingine.

#6 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimefundisha historia kwa miaka mingi na naomba nichangie kidogo juu ya upande wa Dar es Salaam, kwa sababu tukiwasema Wajamaika peke yao tutakuwa tumejionea huruma bila sababu.

Rodney alipofukuzwa alirudi kwetu mwaka 1969, akakaa mpaka 1974. Mlimani ya wakati huo ilikuwa na wanafunzi waliojiunga katika umoja wao wa kimapinduzi, wenye wanachama kutoka Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko, na walikuwa wakifanya madarasa yao ya itikadi siku ya Jumapili, nje ya ratiba, bila cheti na bila posho. Jarida lao la Cheche walilichapa wenyewe. Kitabu kikubwa cha Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapaji wadogo wa London na Tanzania Publishing House. Mwaka 1970 alikwenda Makerere kujibizana na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, katika mdahalo ambao waliouhudhuria hawakuusahau.

Lakini Desemba 1969, alipozungumza katika semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati na kushambulia viongozi wa Afrika huru, gazeti la chama, The Nationalist, lilimjibu kwa tahariri kali iliyomwonya kwamba ukarimu wa Tanzania una mipaka. Na Cheche ilipigwa marufuku mwaka 1970. Tofauti na Jamaika ni kwamba hapa hakufungiwa mlango. Aliandika barua ya kujibu, ikachapwa, akaendelea kufundisha. Nadhani tofauti hiyo ni kubwa, ila haituruhusu kujisifu sana.

Alirudi Guyana mwaka 1974, chuo kikuu cha huko kikanyimwa nafasi ya kumwajiri, na tarehe 13 Juni 1980 akauawa Georgetown kwa bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano. Alikuwa na umri wa miaka 38.

#7 Mtafiti Mchanga

Mwalimu, shikamoo. Naomba niwarejeshe kwenye nusu ya pili ya mada, yaani semina, maana mhadhara umepata mawakili wengi na semina haijapata hata mmoja.

Mhadhara unasikika mbali. Semina ndiyo inayopika. Kule Mona mpishi mkuu katika historia alikuwa Elsa Goveia, mzaliwa wa Guyana, aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1950 na mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika chuo hicho. Rodney alikuwa mwanafunzi wake. Kitabu cha Goveia cha mwaka 1965 juu ya jamii ya watumwa katika visiwa vya Leeward kilifanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida, yaani kuitazama jamii nzima, watumwa, huru na mabwana, kama mfumo mmoja, badala ya kuhesabu magavana. Alifariki mwaka 1980, mwaka uleule wa mwanafunzi wake, na idara yake inaandaa mhadhara wa kumbukumbu wenye jina lake. Ninapoyaona matangazo ya mhadhara huo huwa nafikiria kwamba tunaukumbuka ukumbi na kusahau chumba kidogo chenye meza moja, ambamo mtu alisomewa sura yake mbichi na kuambiwa ukweli.

Mfano mwingine: Lucille Mathurin Mair aliandika tasnifu juu ya historia ya wanawake wa Jamaika kuanzia 1655 mpaka 1844 na kuimaliza hapo Mona mwaka 1974. Haikuchapwa kuwa kitabu hadi mwaka 2006. Kwa miaka zaidi ya thelathini wanafunzi wa historia ya wanawake waliitegemea kazi ambayo haikuwapo madukani, wakiisoma maktabani na kuinukuu katika mada zao. Hakuna mhadhara wa wazi ungeweza kuibeba kazi kwa muda huo.

Na kuna kundi la New World, lililoanzia Georgetown mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kusambaa visiwani, ambalo Lloyd Best, Norman Girvan na George Beckford walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Walikuwa wachumi waliokutana, wakabishana, wakachapa jarida lao kuanzia mwaka 1963. Waliuliza kwa nini visiwa vilivyopata bendera bado vina uchumi wa shamba la miwa: bidhaa inauzwa nje, chakula kinanunuliwa nje, na maamuzi yanafanywa nje. Kitabu cha Beckford juu ya umaskini unaoletwa na mfumo wa mashamba makubwa kilitoka mwaka 1972, mwaka uleule wa kitabu cha Rodney. Mtu wa Tanga anayekumbuka mkonge hatapata shida kuelewa hoja hiyo.

#8 Kijiwe cha Posta

Nimesoma yote na nimelegeza msimamo, ila sijauacha. Mnazungumzia miaka ya 1955, 1968 na 1972. Leo je? Ninavyoijua mihadhara ya siku hizi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, dakika arobaini za mwanzo ni za kuwatambua waheshimiwa, mgeni rasmi anasoma hotuba aliyoandikiwa, mtoa mada anaambiwa afupishe kwa sababu muda umekwenda, na maswali yanapokelewa mawili. Washiriki wanauliza posho. Je, Karibiani wamepona ugonjwa huo?

#9 Mwanabaraza

Hawajapona, mkuu. Itifaki yao ni ndefu kama yetu na shukrani za mwisho ni ndefu zaidi. Katika rekodi nilizozitazama nimejifunza kusogeza mbele mpaka msemaji mwenyewe aonekane.

Hata hivyo kuna mada moja ambayo mihadhara ya karne hii imeibeba kutoka ukumbini mpaka kwenye meza ya mikataba, nayo ni fidia ya utumwa. Hilary Beckles wa Barbados, mwanahistoria aliyekuwa mkuu wa ndaki ya Cave Hill na tangu 2015 makamu mkuu wa chuo kizima, alichapisha mwaka 2013 kitabu cha kudai kwamba Uingereza ina deni. Mwaka huohuo jumuiya ya nchi za Karibiani iliunda tume ya fidia na kumpa uenyekiti. Aliihutubia hoja hiyo visiwani, na Julai 2014 akaizungumza ndani ya majengo ya Bunge la Uingereza. Tarehe 31 Julai 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow, ambacho kilikuwa kimechunguza na kukiri kwamba kilinufaika na fedha zilizotokana na utumwa, kilitia saini makubaliano na West Indies ya kutenga pauni milioni 20 katika kipindi cha miaka 20 kwa ajili ya kituo cha pamoja cha utafiti. Wapo wanaosema ni fedha kidogo na kwamba zimetoka chuo kwenda chuo, bila kumfikia mkata miwa. Pingamizi hilo lina haki yake, na nimelisikia likitolewa na wasikilizaji wenyewe.

Sisi pia, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulipata kiti cha uprofesa kiitwacho Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara. Nkrumah Hall ilijaa bila mtu kulazimishwa. Kwa hiyo tunaweza.

#10 Pwani ya Juu

Nina ombi dogo la matumizi. Mtu aliye Lamu akitaka kuifuatilia mihadhara hiyo ikiwa inaendelea, si rekodi, afanyeje na saa?

#11 Bandarini

Mihadhara mingi huanza jioni baada ya kazi. Ikiwa ni saa kumi na mbili jioni Mona, Afrika Mashariki ni saa nane usiku, kwa maana tofauti ni saa nane. Ikiwa ni St Augustine au Cave Hill, tofauti ni saa saba, kwa hiyo ni saa saba usiku. Chuo kina televisheni yake ya intaneti inayoitwa UWItv, na ndaki zinarusha matangazo kupitia kurasa zao pia. Mara nyingi wanaruhusu maswali ya maandishi, na mwongozaji huchagua machache ya kusoma.

#12 Pwani ya Juu

Ahsante. Saa nane usiku si tatizo, mvuvi huwa macho na kahawa ipo. Swali langu nimeshaliandika na nitalituma hata kama halitasomwa: soko la Papine liko hatua chache kutoka getini, ni lini mara ya mwisho mhadhara wa kumkumbuka Rodney ulifanyika sokoni hapo, wauza ndizi wakiwa ndio wanaoongoza maswali?